Asubuhi Kumi na Moja

Vitabu viliingia nyumbani kwa mkokoteni, Jumatatu mchana, na fundi cherehani akajua kwamba mke mwenza wake sasa amehamia rasmi.

Ndivyo alivyoviita tangu zamani, kwa utani uliokuwa na uchungu ndani yake. Mume wake alikuwa msoma vipimo wa kituo cha hali ya hewa cha chuo kikuu. Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cheupe cha mbao kilichosimama kwa miguu minne katikati ya kiwanja cha nyasi, na ndani yake vipimajoto. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa pale kila siku saa tatu kamili asubuhi. Alichungulia, akaandika kitabuni, akarudi zake. Sikukuu alikwenda. Siku ya harusi ya kaka yake alikwenda kwanza. Siku ya kuzaliwa kitindamimba wao, mkewe alishikwa na uchungu saa mbili na nusu, na bwana akamwambia, "Jikaze kidogo, nakwenda na kurudi." Majirani walimwita Bwana Hewa. Kila wakimuuliza kama kesho itanyesha, aliwajibu, "Mimi nasoma ya jana. Ya kesho sina."

Sasa alikuwa amestaafu, mwezi wa tatu huo. Chuo kilisimika mashine inayojisomea yenyewe, nguzo ya chuma yenye kofia nyeupe, isiyolala wala kudai likizo.

"Wanataka kuvichoma," Bwana Hewa alisema, akivipokea vitabu viwili viwili kutoka kwa mwenye mkokoteni. "Stoo inageuzwa ofisi."

"Wamekuita uvichukue?"

"Hapana. Nimevikuta vimerundikwa nyuma, karibu na pipa la taka. Nilikuwa napita."

"Ulikuwa unapita! Mstaafu mzima, unapita chuoni kufuata nini?"

Alipokea viwili vingine. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu, na cha mbele ndicho kilichokuwa na cherehani, meza ya pasi na kioo cha wateja. Vitabu vilikuwa thelathini na kimoja, kila kimoja mwaka mmoja, vinene, vimekula vumbi hadi kurasa za ndani. Vilipangwa ukutani, vikafika usawa wa kiuno. Mteja wa kwanza aliyekuja kupima gauni alikosa pa kukaa, akakalia mwaka wa tano na wa sita.

"Pole sana, dada," fundi alimwambia mteja. "Mwenzangu ameleta mizigo yake. Naona haondoki leo."

*

Binti yao kitindamimba, aliyekuwa mwaka wa tatu katika chuo hicho hicho, alirudi jioni na mzigo wake mwenyewe: madodoso mia moja na themanini ya utafiti wake wa mwisho. Alikuwa amewauliza wanafunzi wenzake wanajua nini kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Alipoona ukuta wa vitabu alisimama mlangoni, akacheka, akavua viatu na kutafuta pa kupita.

"Haya, tuambie wasomi wamesema nini," mama yake alimwambia, akitunga uzi kwenye sindano.

"Mia moja sabini na sita wamesikia habari za mabadiliko ya tabianchi."

"Basi si vizuri?"

"Subiri kwanza, mama. Nimewauliza yanasababishwa na nini. Huyu anasema tundu angani. Huyu, kutupa takataka ovyo. Huyu, dhambi. Na huyu hapa ameandika, 'Kama alivyojibu mwenzangu wa kulia.'"

Fundi alicheka mpaka uzi ukachomoka. Lakini binti hakucheka.

"Halafu swali la tisa. Je, yamefika hapa tulipo? Mia moja thelathini na saba wamejibu hapana. Wanasema yako huko kwenye mabarafu, au yatakuja baadaye. Mhadhiri wangu ameniambia, hawa wamesikia kama mtu anavyosikia redio ya nyumba ya pili."

"Na wewe ungejibu nini?"

"Ningejibu ndiyo." Aliyapanga madodoso yake upya. "Lakini ukiniuliza nimejuaje, mama, sina jibu la kwangu. Nimesoma tu."

Bwana Hewa alikuwa amechuchumaa pembeni, anafuta vumbi kwa kitambaa cha mabaki. Alichukua kitabu cha kwanza na cha mwisho, akavifungua vyote viwili juu ya magoti ya binti yake.

"Mstari huu ni joto la chini kabisa la usiku uliopita," alisema. "Hesabu asubuhi zilizoshuka chini ya nyuzi kumi na mbili. Humu kwanza, halafu humu."

Binti alihesabu kwa kidole, midomo ikichezacheza. Kitabu cha kwanza, arobaini na nne. Kitabu cha mwisho alikimaliza mapema, akarudia toka mwanzo, kurasa zikipinduka taratibu.

"Mbili," alisema. "Baba, ni mbili tu. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua namba ya kila siku. Sikuwahi kuziweka zikatazamana."

Sindano ya fundi ilikuwa imesimama. Alikumbuka blanketi la pili, lile zito walilojifunika miaka ya mwanzo ya ndoa. Alilikata mwenyewe kutandikia meza ya pasi, kwa kuwa lilikuwa halina kazi tena. Siku zote alidhani miili yao ndiyo iliyozoea. Alitazama dirishani, akaona watu wakipita na vikapu vyao, na anga juu yao ikiwa ile ile ya kila siku. 

*

Kesho yake mhadhiri alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, lakini alipofungua kitabu cha kwanza sauti ilimkauka. Alikaa sakafuni na sketi yake nzuri, miguu ameikunjia upande, na alikaa saa mbili nzima. Alipoondoka alimshika Bwana Hewa mkono kwa mikono yake miwili, na mzee wa watu hakujua autoe au auache.

Baada ya hapo wakaja wanafunzi. Siku ya kwanza walikuwa wanne, na wote walikuja kwa sababu binti aliwabembeleza. Wiki ya pili walikuwa kumi na wanane, na wengine hakuna aliyewaita. Walikaa sakafuni, kizingitini, chini ya meza ya pasi. Mmoja alisoma namba kwa sauti, mwingine akaiingiza kwenye kompyuta. Fundi alishona juu ya vichwa vyao. Mwanzoni walikuwa watu wa vichekesho na simu, lakini kila walipoingia ndani zaidi ya vitabu, kelele zilipungua. Msichana mmoja alifika siku aliyozaliwa, akaisoma namba yake mara mbili, akaomba apige picha ukurasa.

"Kumbe kuna mtu alikwenda kupima siku ile," alisema, kama aliyepewa zawadi asiyoitegemea.

Fundi naye alitoa mchango wake. Alikuwa na roli la karatasi ya kaki, ile ya kukatia vipimo vya nguo, jipya, nene kama paja. Walipolalamika kwamba michoro ya kompyuta inabana miaka yote kwenye kiganja, aliuliza, "Mnataka kila siku ionekane?" Wakasema ndiyo. "Basi siku moja milimita moja. Mtachora humu." Mmoja alipiga hesabu haraka, akaguna: mita kumi na moja na kipande. Mkuu wa idara alikubali kuukagua mchoro siku ya Alhamisi. Akiridhika, utatundikwa ukumbini, na vitabu vitapata kabati.

Jumanne, kijana waliyemwita Miwani aliinua kichwa.

"Shikamoo tena, mzee. Samahani. Huu mwandiko ni wako?"

Ulikuwa mwaka wa tatu. Ukurasa ulianza kwa zile namba ndogo, nyembamba, zilizonyooka za Bwana Hewa, halafu zikaja kumi na moja kubwa, zilizolala upande, saba zake kama kulabu.

"Na hizi tatu za kwanza zinafanana," Miwani aliendelea. Hakuwa na ubaya, ila mdomo wake haukuwa na breki. "Kumi na moja nukta nne, mara tatu mfululizo. Nimetafuta kwenye miaka yote. Hakuna pengine palipotokea hivyo. Inaonekana kama... mtu amekaa mahali akazibuni."

Chumba kizima kiligeuka. Bwana Hewa alikitazama kile kitabu.

"Mwandiko ni wangu," alisema.

Cherehani ikasimama. Hakuna aliyemwamini, hata mtoto wa darasa la kwanza angeona kwamba si wake. Mhadhiri, aliyekuwa amekuja kuangalia kazi, alifunga kitabu polepole, akasema kwa upole kwamba hana budi kumweleza mkuu, kwa kuwa ukurasa mmoja wa kubuni ukishajulikana, watu watauliza na mingine yote.

*

Walipobaki wawili, fundi hakuwasha cherehani.

"Kwa nini umewadanganya?"

"Ningesema nini? Nilikula kiapo kwamba vipimo vitasomwa na mimi. Nikasaini siku zote kumi na moja. Leo nisimame niseme vilisomwa na..."

"Na nani? Malizia."

"Na mtu asiyeajiriwa."

"Ulitaka kusema na mtu aliyeishia darasa la nne."

Mzee aliinamisha kichwa. "Sikutaka wakucheke," alisema. "Mimi waniite mwongo, nishazeeka. Lakini wakuweke wewe katikati, wakuulize maswali yao ya kizungumkuti, binti yako anaangalia... Afadhali vikachomwe."

Fundi alimtazama mtu huyu aliyekuwa amevikimbilia vitabu hivi kila siku ya maisha yao. Kwa mara ya kwanza alimsikia akivitoa, na anavitoa kwa ajili yake. Lakini alipofungua mdomo, kilichotoka kilikuwa ukali.

"Havichomwi. Kumi na moja zile ni zangu, na mimi sijabuni kitu."

*

Alhamisi alivaa gauni lake la kwenda mbali. Mkuu wa idara, mwanamume mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, alimwona amesimama mlangoni na roli chini ya kwapa.

"Weka hapo pembeni, mama. Risiti utapewa na karani."

"Sikuleta mzigo. Nimekuja kikaoni."

Mezani walikuwa mhadhiri, binti, Miwani na wanafunzi wengine wawili. Bwana Hewa alikaa mwisho kabisa, mikono katikati ya magoti. Kiti kingine hakikuwepo. Binti aliinuka haraka ampishe. Mama akamzuia kwa mkono, akabaki amesimama.

"Ukurasa ule niliuandika mimi," alisema. "Mume wangu alikuwa na homa siku kumi na moja, hajui asubuhi wala jioni. Alikuwa bado kibarua. Aliyemtangulia alikosa siku tatu akaambiwa asirudi. Nikaenda mimi."

"Mama, unajua kusoma?" mkuu aliuliza.

Uso wa binti uliwaka. Fundi alihisi masikio yake mwenyewe yakipata moto, lakini alijibu kwa sauti ile ile.

"Najua kusoma futi ya kushonea. Kipimajoto ni futi iliyolala ndani ya kioo. Kuna kijiti cheusi ndani ya maji yake. Baridi ikizidi, maji yanakivuta kijiti; joto likipanda, maji yanakiacha pale pale. Siku ya kwanza nilikisoma sawasawa. Ya pili nikakuta hapo hapo. Ya tatu hapo hapo. Nikamwambia mgonjwa wangu, homa yako inapanda na kushuka, lakini baridi ya kibandani imetulia kama picha. Meno yakigongana, akaniuliza, 'Umekiinamisha?' Kumbe ukishasoma unakiinamisha kipimajoto, kijiti kirudi kwenye ukingo wa maji. Hakuna aliyeniambia. Nikarudi siku ile ile kukiinamisha, na kutoka siku ya nne kila nikishasoma nakiinamisha."

"Hadithi nzuri," mkuu alisema. "Lakini hadithi..."

"Sasa ni saa tatu kasorobo," fundi alimkata. "Vipimajoto bado viko kibandani. Twendeni."

Walishuka ngazi, yeye mbele. Habari zilikuwa zimevuja. Wanafunzi walijipanga madirishani na kando ya kiwanja. Nyasi zilikuwa na umande. Binti alitembea kando ya mama yake, halafu akamshika mkono, mbele ya macho yote yale, kama alipokuwa mdogo.

Fundi alifungua kijilango cha kibanda. Miaka ishirini na minane ilikuwa imepita, lakini magoti yalikumbuka. Aliyakunja mpaka jicho likawa sawa na kioo, akazuia pumzi isikipashe joto.

"Kumi na sita na nukta nane."

Mkuu alichungulia kutoka juu, akiwa amesimama wima. "Mimi naona kumi na tano na nusu."

"Umesoma kwa juu, mwalimu, tena ncha ya kushoto. Piga magoti kidogo. Inayosomwa ni ile ya kulia, iliyo mbali na tungi la maji."

Mtu alicheka dirishani, kisha akanyamazishwa. Mkuu alisita, akavuta suruali yake juu kidogo, akapiga goti kwenye nyasi mbichi. Alikaa hapo kwa muda. Alipoinuka, goti lilikuwa na doa la kijani.

"Nukta nane," alisema. "Ni kweli."

"Na mashine?" mhadhiri aliuliza.

Miwani alikuwa na simu mkononi. "Kumi na sita nukta nane," alisoma. Halafu akaivua miwani yake, akaishika tu. "Mama, nisamehe. Mimi ni mjinga. Mtu anayebuni haandiki namba moja mara tatu. Angezibadilisha zionekane za kweli. Wewe uliandika ulichokiona."

"Subirini," mkuu alisema, bado anakitazama kibanda. "Mashine ina miezi mitatu. Kama kipimajoto hakikuinamishwa muda wote huo, leo kijiti kingeonyesha baridi ya zamani. Nani amekuwa akikirudisha?"

Macho yote yakamwendea Bwana Hewa. Yeye alikuwa akitazama viatu vyake.

"Nilikuwa napita," alisema.

Kicheko kilichopasuka pale kilimwambukiza hata mkuu mwenyewe. Fundi alicheka hadi machozi, lakini mkono wake haukusahau kazi: alikitoa kipimajoto, akakiinamisha, na kijiti cheusi kikateleza taratibu hadi mahali pake, huku wanafunzi wakisukumana kukiona.

"Zile tatu zinazofanana tutaziwekea alama zote, kwa tahadhari," mhadhiri alisema. "Nane zinaingia."

*

Mchoro ulitundikwa Jumatatu kwenye ukumbi mrefu wa ghorofa ya chini. Ulianzia mlango wa maktaba, ukapita vyumba vitatu vya mihadhara. Nukta zilikuwa elfu kumi na moja na zaidi, kila moja asubuhi moja.

Fundi aliutembea wote, peke yake, watu wakimwachia nafasi. Alitegemea kuona namba, lakini alichokiona kilikuwa kama vazi. Kila mwaka uliteremka kwenye msimu wa baridi, ukapanda kwenye joto, ukateremka tena, mikunjo thelathini na mmoja, na chini yake pindo. Mwanzoni pindo lilifika usawa wa kiuno chake. Alipotembea lilikuwa likipanda, kwa kiasi kidogo ambacho jicho lingeapa kuwa halipandi, mpaka alipogeuka na kutazama alikotoka.

"Nani anapandisha pindo hili?" aliuliza.

Binti alikuwa nyuma yake. Wiki chache nyuma angejibu kwa maneno ya kitabu. Sasa alifikiri kwanza.

"Sisi watu, mama. Kila tunachochoma duniani, mafuta, makaa ya mawe, misitu, hewa yake ya ukaa inabaki juu yetu. Jua linaingia, joto likitaka kutoka linazuiwa. Tumejifunika blanketi la pili, dunia nzima, na hatujui kulivua. Kiasi kinachochomwa hapa kwetu ni kidogo kuliko huko kwa wenye viwanda vikubwa, lakini blanketi ni moja."

Fundi alirudi hadi mwaka wa tatu, akazipata nukta zake kumi na moja. Tatu zilizungushiwa duara la penseli, nane zilikuwa za wino mweusi kama za mumewe. Aliweka kidole gumba juu yake, zikatoweka zote. Alipokiondoa, zilikuwepo, zikishika mkono wa zilizotangulia na wa zilizofuata, wala hakuna aliyeweza kuona kiungo. Bwana Hewa alikuja akasimama kando yake. Kwa muda mrefu walikaa hivyo wakitazama, kama watu waliofika ukingo wa bonde ambalo waliishi jirani yake bila kujua.

Huko mwisho wa mchoro, roli lilibaki likining'inia, karatasi tupu, nzito. Miwani alileta mkasi.

"Mama, tukate hapa?"

Fundi alimtazama, halafu akawatazama wenzake waliojaa ukumbini.

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Ishirini na miwili."

"Nilikuwa na miaka yako kitabu cha kwanza kilipofunguliwa. Sasa nina hamsini na mitatu." Aliuchukua mkasi, akautia mfukoni. "Shika huo mwisho."

Alilisukuma roli kwa viganja vyote viwili. Lilikwenda likijifungua kando ya ukuta, kaki tupu, likapita ofisi ya karani, likapita ngazi, wanafunzi wakiliinua mkono kwa mkono ili lisiguse sakafu, mita moja, mita tano, mita kumi. Aliyekuwa akipima kwa futi aliita, "Kumi na moja!" na wote wakasimama. Hakukuwa na sauti ukumbini isipokuwa karatasi ikinong'ona juu ya vidole vyao.

Miwani aliachia mwisho wake kwa mwenzake. Alitembea polepole kando ya karatasi isiyo na alama hata moja, mpaka alipofika mahali ambapo angekuwa na miaka hamsini na mitatu. Akachomoa kalamu. Aliinyanyua, akaiteremsha kidogo, akainyanyua tena, akitafuta usawa wa kuweka nukta, na mkono wake ukabaki hapo hapo, haujagusa karatasi.